Mtoto Aliyeangushwa Njiani

Masomo: 2 Samweli 4:4 na 2 Samweli 9:1–13

 

Nashukuru kamati ya gazeti letu kwa kunipa nafasi mwezi huu. Niliombwa niandike juu ya ugonjwa wa mawazo, maana wazee wa kanisa wameona ya kuwa katika vijiji vyetu hapa Nakivale wapo wengi ambao mwili unatembea, unakwenda shamba, unapanga foleni ya mgao, lakini ndani wamelala. Kwanza niliogopa. Halafu nikakumbuka mtu mmoja katika Biblia ambaye maisha yake yanafanana na yetu sana, na ambaye hatumhubiri mara nyingi. Jina lake Mefiboshethi.

Habari zake za kwanza zimo katika mstari mmoja tu, tena umechomekwa katikati ya habari za watu wengine, kama vile mwandishi alikuwa karibu kumsahau. Alikuwa mtoto wa miaka mitano, mwana wa Yonathani, mjukuu wa mfalme Sauli. Habari ikafika kutoka Yezreeli kwamba baba yake na babu yake wamekufa vitani. Yaya wake akamchukua, akakimbia naye. Katika ile haraka mtoto akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili.

Mkimbizi hahitaji mwalimu wa kumfafanulia mstari huo. Wengi wetu tuliuishi. Lakini naomba muangalie jambo moja ambalo mimi nililiona baada ya kuusoma miaka mingi. Yule aliyemwangusha ndiye yule aliyembeba. Hakumtupa. Hakumchukia. Kama angemwacha kitandani, pengine leo tusingekuwa na jina lake. Yaya huyu alimwokoa mtoto na alimvunja mtoto, mambo yote mawili siku moja. Biblia haimlaumu. Lakini pia haifichi kwamba miguu ilivunjika.

Sasa niwaeleze habari zangu, maana si vizuri kuandika juu ya majeraha ya Mefiboshethi na kuficha ya kwangu.

Nilizaliwa upande wa Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Mwishoni mwa mwaka 1996, vita vilipofika kwetu, nilikuwa na miaka minane. Tulikimbia usiku. Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni, mimi nilishika kitenge chake. Kila nilipotaka kulia aliniziba mdomo kwa kiganja akasema, “Nyamaza.” Alikuwa na haki. Mtoto akilia, wenye bunduki wanasikia. Neno hilo lilituokoa. Mdogo wangu hakufika. Homa ilimchukua siku ya nne, tukamzika kando ya migomba ya watu, na hakuna aliyelia kwa sauti.

Baadaye tulirudi kijijini. Risasi zikatulia kidogo, lakini lile neno “Nyamaza” halikubaki porini. Lilikuja nasi nyumbani likakaa kama mgeni asiyeaga. Jina la mdogo wangu halikutajwa tena. Mama alipika, alifua, alitupeleka kanisani. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alitulipia ada hata alipokaa miezi bila mshahara. Sikulala njaa kuliko watoto wa jirani, wala sikupigwa kuliko wao. Kwa hiyo nilipokuwa mkubwa, sikuwa na kitu cha kulalamikia. Lakini tangu mwaka ule mpaka nilipooa, sikumbuki siku hata moja ambapo mtu wa nyumbani aliniuliza, “Mwanangu, una nini moyoni?” Siku moja nilishika nafasi ya kwanza darasani. Nilikimbia na karatasi ya matokeo mpaka jikoni. Mama aliipokea, akaiweka juu ya sanduku bila kuifungua, akaendelea kuchagua maharage. Sikumpelekea nyingine tena.

Wapendwa, kuna madhara yanayotoka kwa mambo mtoto aliyotendewa, kama kipigo na matusi. Hayo tunayajua, na tunayakemea, ijapokuwa hatukemei vya kutosha. Lakini kuna madhara yanayotoka kwa mambo ambayo hayakutendwa. Hakuna aliyemtazama. Hakuna aliyefurahi naye. Alipoogopa hakuna aliyemwambia kwamba ni haki yake kuogopa. Madhara haya hayana kovu la kuonyesha, ndiyo sababu mwenye nayo hujilaumu mwenyewe. Husema, “Wazazi wangu walinipa kila kitu, basi ubovu ni wangu.”

Mefiboshethi alikulia Lo-debari, katika nyumba ya Makiri mwana wa Amieli. Alikuwa mgeni katika nyumba ya mtu mwingine. Wataalamu wa Kiebrania husema jina Lo-debari laweza kueleweka kama mahali pasipo malisho, na wengine husema laweza kueleweka kama mahali pasipo neno. Sijui Kiebrania, lakini nyumba isiyo na neno naijua. (Na tusimdharau Makiri. Ukisoma 2 Samweli 17 utaona kwamba siku Daudi mwenyewe alipokuwa mkimbizi, akimkimbia mwanawe Absalomu, Makiri huyu alikuwa mmoja wa waliomletea vitanda, unga, maharage na asali. Mwenyeji anayepokea wakimbizi mara mbili!)

Mwaka 2008 nilivuka mpaka pale Bunagana pamoja na mke wangu, tukaletwa hapa. Mwaka 2013 nikaugua. Haikuanza kwa kishindo. Usingizi ulikatika kwanza. Nikawa naamka saa nane za usiku, moyo unapiga kama mtu anayefukuzwa. Halafu nikaacha kwenda shamba. Halafu chakula kikawa kama udongo mdomoni. Watoto wangu wawili walipolia nilisikia hasira iliyonitisha mwenyewe, na mdomo wangu ulitoa neno moja tu, nanyi mmekwisha kulijua: “Nyamaza!” Mke wangu aliniambia, “Baba watoto, wewe upo lakini haupo.” Nilianza kufikiri kwamba wangekuwa salama zaidi bila mimi.

Kanisa liliniombea. Walifunga siku tatu kwa ajili yangu, na machozi yao sitayasahau. Lakini mtumishi mmoja, ambaye sitamtaja, alisema mbele ya watu kwamba hii ni roho ya ukoo, na kwamba mtu wa imani hawezi kumeza vidonge vya wazimu. Nilikuwa nimepewa dawa kwenye kituo cha afya na nilikuwa nimezimeza siku kumi. Nikaziacha. Wiki iliyofuata hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Sisemi kwamba pepo wachafu hawapo, Injili zinawataja. Lakini Injili hizo hizo hazisemi kila mgonjwa ana pepo. Soma Mathayo 4:24 uone jinsi wagonjwa wa namna mbalimbali wanavyotajwa kila mmoja kwa ugonjwa wake. Na Eliya alipochoka akalala chini ya mretemu akiomba afe, Mungu hakutuma mtu wa kumkemea. Alituma mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha mkate mara ya pili. Maswali yalikuja baadaye sana, huko Horebu. Nataka wachungaji wenzangu walitafakari hilo kabla hawajamwambia mgonjwa asiyekula aanze mfungo.

Kuhusu dawa, nasema nilivyofundishwa na wauguzi na nilivyoona mwenyewe. Dawa za huzuni kubwa hazifanyi kazi siku hiyo hiyo kama za maumivu ya kichwa. Huchukua wiki kadhaa. Mtu akiziacha ghafla anaweza kuzidiwa. Si kila mwenye huzuni anazihitaji, lakini anayeandikiwa na muuguzi azimeze, na mchungaji asimzuie. Kwa wenye kifafa, na wale wanaosikia sauti ambazo wengine hawasikii, dawa ni jambo la lazima kabisa. Hao hupelekwa mapema. Wengine hutumwa mpaka hospitali ya Mbarara, ambako kuna kitengo cha wagonjwa wa akili. Kumfunga mtu kamba si huduma.

Sasa turudi kwa Mefiboshethi, maana hapa ndipo moyo wa somo. Daudi anamwita. Mtu huyu sasa ni mtu mzima, ana mtoto mdogo wa kiume anayeitwa Mika. Anafika mbele ya mfalme, anaanguka kifudifudi, na Daudi anamwambia asiogope. Anamwahidi shamba la babu yake na nafasi ya kudumu mezani pake. Jibu lake ni nini? Anajiita mbwa, tena mbwa aliyekufa. Hakuna aliyemtukana hapo. Ametukana mwenyewe.

Watu wa Masaka na Rakai, si mbali sana na hapa kwetu, wana neno la Kiganda kwa hali hiyo. Mtu akiwa katika huzuni nzito husema ana okwekyawa, yaani kujichukia mwenyewe. Wana na lingine, okwekubazida, kujisikitikia. Watafiti waliofika kwao kabla ya kutoa msaada wowote waliwauliza kwanza wenyeji wanauitaje ugonjwa wao, na hayo ndiyo majibu waliyopata. Kisha mwaka 2002 wakaanzisha jambo ambalo ningependa kila kiongozi wa kanisa alisikie. Katika vijiji 30 walitafuta watu wenye ugonjwa huo. Katika nusu ya vijiji waliunda vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakakutana mara moja kwa juma kwa majuma 16, saa moja na nusu kila mara. Aliyeongoza hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa kawaida anayejua lugha ya pale, aliyefundishwa majuma mawili. Hawakugawa dawa. Waliongea juu ya waliofiwa nao, waliogombana nao, na maisha yaliyowageukia. Mwishoni, kati ya watu 100 wa vikundi, wasiozidi 7 walikuwa bado na ugonjwa ule wa huzuni kubwa. Katika vijiji visivyo na vikundi walibaki zaidi ya 50 kwa kila 100.

Nilipoambiwa habari hiyo nilijiuliza, je, sisi hatuna vikundi? Tuna kwaya tatu, tuna umoja wa akina mama, tuna wanaume wa kazi. Tunachokosa ni nafasi ya kusema. Hata ushuhuda wetu wa Jumapili lazima uishie kwa ushindi. Mtu ambaye bado yumo katikati ya shimo hana zamu ya kusimama.

Mimi nilianza kupona kwa njia ya mama mmoja shemasi. Alikuja nyumbani kwetu kila siku baada ya kutoka shamba, akakaa mlangoni na ungo wake wa maharage. Siku za kwanza hakusema neno. Siku ya tano au ya sita akaniuliza, bila kuinua macho, “Yule mtoto mliyemzika njiani aliitwa nani?” Sijui nani alimwambia. Nilitaja jina la mdogo wangu kwa mara ya kwanza baada ya miaka 17. Nililia mpaka majirani wakaja, na yule mama akawaambia, “Mwacheni alie.” Kesho yake alinishika mkono mpaka kituo cha afya, nikarudia dawa, nikazimeza miezi mingi. Baadaye tukawa watu wanne, kisha tisa, tunakutana chini ya mti.

Je, nimepona? Ndugu zangu, someni mstari wa mwisho wa sura ya 9. Mefiboshethi anakaa Yerusalemu, anakula daima mezani pa mfalme, halafu mwandishi anaongeza neno ambalo mhubiri wa mikutano mikubwa asingelipenda: bado alikuwa kiwete miguu yote miwili. Daudi hakumwamuru ainuke atembee. Alimpa mahali pa kukaa. Chini ya meza miguu ilikuwa ile ile, lakini juu ya meza alikuwa kama mmoja wa wana wa mfalme. Mimi mwaka 2020, wakati wa kufungiwa kwa ajili ya korona, niliugua tena, kwa muda wa miezi miwili. Safari ile nilijua dalili, nilimwambia mke wangu siku ya tatu badala ya mwezi wa tatu, nikaenda kituo cha afya mwenyewe. Kwangu mimi hiyo ni kupona. Nafanya kazi, nacheka, nalala usiku mwingi kuliko zamani. Miguu naijua.

Jambo moja nalisema waziwazi kwa sababu nilifika hapo. Ukiona mtu wa nyumbani kwako anagawa vitu vyake, au anasema hafai, au kwamba mtapumzika akiondoka, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Kunampa mlango. Usimwache peke yake, ondoa dawa za shamba na kamba, na umpeleke kituo cha afya hata kama ni usiku. Maombi yaende pamoja naye njiani.

Wengi wataniuliza, na amri ya kuheshimu baba na mama? Je, si dhambi kuandika haya juu ya wazazi wako? Nimelihangaikia swali hilo sana. Mama yangu ni mzee sasa, yuko hapa hapa Nakivale, na kabla sijaandika nilimsomea. Naona jibu liko kwa yule yaya. Naweza kusema kweli kwamba niliangushwa, na katika pumzi hiyo hiyo nikashukuru kwamba nilibebwa. Mama alikuwa na mtoto aliyekufa mgongoni. Alikuwa na mikono miwili tu. Lakini tusiwalazimishe wote waseme hivyo kwa haraka. Wapo walioangushwa na watu ambao hawakuwa wakikimbia kitu chochote, walikuwa wamekaa tu, na hao wana njia ndefu zaidi, na si kazi yetu kuwahimiza wasamehe kabla hawajamaliza kusema walichofanyiwa.

Nilipomaliza kumsomea, mama alinyamaza muda mrefu. Nilidhani nimemuumiza. Kisha akataja jina la mdogo wangu, akaniambia jinsi alivyopenda kushika sikio langu akilala. Hilo sikulijua.

Sasa kuna Mika. Sura hii ya 9 inamtaja kwa nusu ya mstari, lakini mimi namfikiria sana. Alikuwa mtoto wa mtu aliyejiita mbwa mfu. Angekua akijiitaje?

Mwaka 1954 mama mmoja mtafiti, Mary Ainsworth, alifika hapa Uganda akawatembelea akina mama 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, kwa miezi kama tisa, akiwaangalia wao na watoto wao wachanga 28. Aliona watoto wengine wakitambaa mbali kidogo na mama, wakageuka kumtazama, wakarudi, wakatambaa tena bila hofu. Wengine walilia hata wakiwa karibu na mama. Na aligundua jambo dogo: akina mama waliojua kumsimulia habari ndogo ndogo za mtoto wao, anachopenda, anachoogopa, jinsi anavyofanya akisinzia, watoto wao ndio mara nyingi waliokuwa watulivu. Hakuwaona kwa sababu ya nguo au godoro. Walikuwa wametazamwa.

Hilo halihitaji shirika wala mgao. Najua mama anayerudi kutoka kibarua na jua limezama hana nguvu, na chakula kilichopunguzwa kinapunguza na uvumilivu. Sisemi mkae na watoto saa nzima. Nyumbani kwetu tunafanya hivi: tukiwa tunakula ugali, kila mtu, hata mdogo kabisa, anasema jambo moja lililomfurahisha siku hiyo na moja lililomuumiza. Hakuna anayeambiwa kwamba jambo lake ni dogo. Mara ya kwanza mwanangu mkubwa alisema, “Lililoniumiza ni wewe, baba, uliponifokea mbele ya wenzangu.” Ugali ulinikwama. Nikamwomba msamaha. Sikuwahi kumsikia mwanaume wa ukoo wetu akimwomba mtoto msamaha, kwa hiyo niliomba vibaya, kwa maneno mengi mno, lakini nilimaliza.

Kikundi chetu bado kinakutana kila Jumatano saa nne asubuhi, nyuma ya kanisa, chini ya ule mti wa mwembe. Wiki ya mgao tunahamia Alhamisi. Wanaume wana kikundi chao na wanawake chao. Hakuna anayeandikwa jina, hakuna anayelazimishwa kuongea, na yanayosemwa pale hayatoki pale. Wasio washirika wa kanisa letu wanakaribishwa, na majirani zetu Waislamu wamekwisha kuja. Ukitaka kupelekwa kituo cha afya na huna wa kukusindikiza, mwambie mama shemasi au mimi. Njoo na kigoda chako, maana viti vya kanisa havitoshi.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa, Nakivale